Michoro ya makahaba wa Yoshiwara itoke kabatini

Picha za makahaba wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, zilichapwa kwa vibao vya mbao na zinapendwa duniani kote. Nami nazipenda. Lakini makumbusho yakitundika picha iliyokamilika peke yake, bila michoro ya awali ambayo msanii aliichora kwa mkono kabla ya kuchapa, yanatunyima nusu ya habari.

Michoro ya awali ni adimu kwa sababu kazi yenyewe iliila. Mchoro wa mwisho ulichorwa kwenye karatasi nyembamba, ukabandikwa kifudifudi juu ya kibao cha mcheri, na mchongaji akaifuata mistari yake kwa kisu. Karatasi ikaishia hapo. Ndiyo maana mchoro safi ukionekana leo, mara nyingi picha yake haikuchapwa kamwe. Michoro 103 ya msanii Mjapani Hokusai iliyonunuliwa na British Museum iliokoka hivyo: kitabu ilichochorewa hakikutoka.

Rasimu za mwanzo ndizo zilizobahatika kubaki. Unakuta mistari myekundu, na juu yake wino mweusi. Bega limesogezwa. Mkono usiopendeza umefunikwa kwa kipande cha karatasi, ukachorwa upya. Nywele ni umbo tu, maana kuzichonga unywele mmoja mmoja penye paji la uso ilikuwa kazi ya mchongaji bingwa, ingawa sifa zote tunampa mchoraji, kama Utamaro. Na kimono, mara nyingi, ni mistari mitupu isiyo na nakshi.

Hapo kwenye kimono ndipo penye hoja yangu. Picha hizi zilikuwa biashara. Mchoraji Isoda Koryusai, katika mfululizo alioanza miaka ya 1770, aliwachora makahaba wakiwa wamevaa mitindo mipya ya nguo. Rangi zile zinatupumbaza, tukasahau kwamba Yoshiwara ilizungukwa na mfereji, ikawa na lango kuu moja, na kwamba wengi wa wanawake wale waliingizwa humo wakiwa watoto, kwa deni la wazazi. Waliokufa bila wa kuwazika walipelekwa hekalu la Jokanji.

Mchoro wa awali nao haumwonyeshi mwanamke halisi. Uso ni uleule wa kubuni. Ila unaonyesha ubunifu huo ukifanyika, bega likisogezwa, mkono ukichorwa upya, na mtazamaji hawezi tena kudhani kwamba maisha yao yalikuwa hivyo.

Nasikia hoja kwamba karatasi hizo ni dhaifu. Lakini hata picha zenyewe huonyeshwa kwa muda mfupi tu, kwani mwanga hufifisha rangi. Basi zitolewe pamoja, ukuta mmoja, na zirudishwe pamoja.