Tunaogopa kiungo cha Kichina, chumvi tunaimwaga

Kaa kwenye kibanda chochote cha chipsi hapa Dodoma jioni, iwe Majengo, Area C au kule UDOM wanafunzi wanapojazana, utamsikia mteja akimwambia muuzaji: "Kaka, kile kiungo chako cha Kichina usiniwekee, kinaua ubongo." Kaka anacheka, anakiweka pembeni. Kisha mteja huyohuyo anavuta kopo la chumvi, anatikisa, anaonja, anatikisa tena, anamimina tomato mpaka chipsi hazionekani, halafu anaagiza soda baridi ya kushushia. Ubongo umeokoka!

Mimi si daktari. Ni mtu mwenye tabia ya kugeuza pakiti na kusoma maandishi madogo ya nyuma, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba hofu yetu tumeielekeza pasipo.

Hicho kiungo cha Kichina, yaani ule unga mweupe wa kukoleza ladha uitwao MSG, kwanza ni cha Kijapani. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda alikipata kwenye mwani ambao kwao hupikia supu. Kilicho ndani ni glutameti, ileile iliyomo kwenye nyanya iliyoiva, kwenye uyoga, hata kwenye maziwa ya mama. Hofu ilikuja baadaye, mwaka 1968, daktari Robert Ho Man Kwok alipoandika barua fupi kwenye jarida la New England Journal of Medicine, kwamba kila akila katika migahawa ya Kichina huko Marekani anapata ganzi shingoni na moyo kwenda mbio. Alikuwa akijiuliza tu. Alishuku mchuzi wa soya, mvinyo wa kupikia, kiungo hicho, na chumvi pia. Watu wakaokota kimoja, vingine wakaviacha. Majaribio yaliyofuata, ya kuwalisha watu bila wao kujua kama kiungo kimo au hakimo, hayakupata dalili za uhakika kwa kiasi cha kawaida cha chakula. Na ubongo hutengeneza glutameti yake wenyewe. Ndiyo unayoitumia kupitisha ujumbe na kujenga kumbukumbu. Ile ya chakula huzuiwa njiani, kwa sehemu kubwa, isitoke kwenye damu kuingia humo.

Simaanishi mmimine. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 60 hapo ana gramu 1.8, haifiki nusu kijiko cha chai. Anayekung'uta pakiti nzima kwenye sufuria ya watu wawili amevuka. Lakini hebu soma pakiti ya mchuzi mix: mara nyingi kitu cha kwanza kwenye orodha ni chumvi, na hapo ndipo ningetaka watu waanze kuogopa.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu iliyomo kwenye mkate, mboga, nyama ya Msalato na ile unayotikisa mwenyewe. Chumvi ikizidi, presha inapanda. Presha ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa midogo ya ubongo polepole, bila maumivu yoyote, na mtu anaanza kusahau. Sisi tunasema mzee kazeeka, au tunamtafuta aliyemloga. Kamisheni ya jarida la Lancet ilichapisha mwaka 2024 orodha ya mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau. Presha imo. Kisukari kimo, unene umo, kolesteroli imo, pombe imo. Kiungo cha Kichina hakimo. Na soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na ushei, vijiko saba hivi, ambayo hakuna mtu angethubutu kuikorogea kwenye kikombe cha chai mbele za watu.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hofu hii ya "kemikali" imeanza kugusa vitu vinavyolinda ubongo. Nina shangazi Mpwapwa. Nilimpelekea chumvi ya pakiti, akaipokea vizuri, akaiweka juu ya kabati. "Mwanangu, ahsante, ila hii ya dukani ina madawa. Mimi natumia ya mawe." Nikamwambia, shangazi, dawa yenyewe ndiyo niliyokuletea. Ni madini joto, yaani ayodini. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto haujengeki sawasawa. Duniani kote upungufu huu ndio unaoongoza kati ya sababu za kudumaa kwa akili zinazozuilika. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 Tanzania inataka chumvi ya kula iwekwe madini joto. Kanuni ya matumizi ni nyepesi: kopo liwe na mfuniko, lisikae juani wala karibu na mvuke, na chumvi iingie sufuriani mwishoni mwa mapishi. Kidogo kinatosha. Shangazi aliniuliza kwa nini basi hawaandiki kwa herufi kubwa, nikakosa jibu.

Unga wa ngano wa viwandani nao huongezwa foliki asidi, aina ya vitamini B, ambayo hupunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wanawake wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Kliniki inakuwa imechelewa. Unga haujachelewa.

Kama kuna kiongezo ninachokishuku, ni rangi. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliwapa watoto kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi na sodiamu benzoeti, dawa ya kuzuia chakula kisiharibike, wakaona baadhi yao wanahangaika zaidi na kushindwa kutulia. Athari haikuwa kubwa, wala haikuwa kwa kila mtoto, ila Ulaya tangu 2010 vyakula vyenye rangi sita zilizochunguzwa pale hubeba onyo. Sisi tuna mibuyu kila upande wa mkoa huu, tunda lenye vitamini C kwa wingi, halafu tunalipika na sukari na rangi mpaka ulimi wa mtoto unatoka shuleni mwekundu kama wino wa mwalimu. Ubuyu mweupe una kosa gani?

Tena ubuyu mweupe una kazi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Mtoto asiye na madini chuma ya kutosha anasinzia darasani, hashiki anachofundishwa, na anaitwa mzito. Uwele una madini chuma, mlenda wa karanga nao unayo kiasi, lakini ya mimea hayanyonywi kirahisi. Vitamini C husaidia. Majani ya chai huzuia. Kwa hiyo ugali wa uwele na juisi ya ubuyu ni mlo wenye akili, na uleule ukiushushia chai ya rangi papo hapo umejipunguzia. Chai ingoje saa moja. Karanga nazo zichambuliwe, zenye ukungu zitupwe: sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliua watu mkoani humu na Manyara mwaka 2016, na hakuna kiwanda kilichoiongeza.

Najua swali litakalofuata, maana hapa ni Dodoma, kwenye zabibu na mvinyo wake: na mvinyo mwekundu je, si unaongeza damu na kulinda ubongo? Hapana. Pombe imo kwenye ile orodha ya 14, na anayeinywa sana hupungukiwa vitamini B1 hadi kumbukumbu zinakatika. Zabibu kuleni tu, hazina shida. Mvinyo mkiunywa, unyweni kwa sababu mnaupenda.