Nilivyofukuzwa na samaki kikande Mnemba

Jamani mi kazi yangu ni kupiga picha za harusi, mwaka wa tisa huu, na ugonjwa wetu sisi watu wa harusi ni mmoja tu, kurudi nyuma. Ukoo mzima hauingii kwenye fremu, unarudi nyuma. Shela la bibi harusi refu, unarudi nyuma. Nishawahi kurudi nyuma Temeke mpaka nikakalia keki ya ngazi tatu na hela yangu ya siku hiyo ikaishia hapohapo. Sasa huo ugonjwa nikaubeba nikaupeleka chini ya bahari.

Nilitaka kujiongeza, maana picha za baharini zina wateja. Nikasoma kozi ya kuzamia ya siku nne, nikapewa kakadi ka kushuka mpaka mita 18, nikakodi kasha la plastiki la kuvalisha kamera, asubuhi tukatoka Matemwe, Zanzibar, na boti kwenda kisiwa cha Mnemba. Kisiwa chenyewe hushuki, ni cha hoteli ya wenye hela zao, sisi wengine tunaishia kwenye matumbawe yanayokizunguka, ambayo kusema ukweli ndo utamu wenyewe.

Mwalimu wetu, kijana wa palepale Matemwe, akawa anaeleza ishara za mikono, maana kule chini hakuna kuongea. Mi niko bize natema mate kwenye miwani ili isipate ukungu na kufuta kioo cha kamera, nasikia nusunusu. Nikajisemea ishara gani mi nisizozijua, nimeongoza kamati za harusi ngapi kwa mikono tu muziki ukiwa juu?

Tukashuka mpaka mita 12. Aisee. Matumbawe kama bustani, samaki wanapita makundi makundi, kasa huyo anakula zake wala hana habari na mtu. Ila kupiga picha kule ni kazi, ukivuta pumzi unapanda, ukitoa unashuka, yaani unalenga samaki unapata mkia. Halafu maji yanakula rangi nyekundu kwanza kabla ya zingine zote, mi nilikuwa nimevaa bangili yangu ya Simba, naitazama kule chini imekuwa kahawia inayoelekea kijani, nikajiona nimehamia Yanga bila hata kusajiliwa.

Sasa wakati nahangaika, mwalimu akanigeukia macho yametoka akanionyesha bastola. Ile ya watoto, kidole cha shahada mbele, gumba juu, anakichezesha kama anafyatua. Nikaelewa mara moja. Anasema piga! Piga picha! Nikamwonyesha dole gumba, poa bosi. Akatikisa kichwa. Nikaona hajaniona vizuri, nikampa madole gumba mawili. Kumbe kule chini dole gumba maana yake nataka kupanda juu, na bastola maana yake hapo kuna kikande, kaa mbali. Kwahiyo yeye ananiambia kuna hatari, mi namjibu napanda juu, halafu siendi juu wala siendi mbali, naanza kufanya nini? Kurudi nyuma, ili mwalimu na mwamba wote waingie kwenye fremu.

Nikarudi nyuma mpaka kwenye kiota chake.

Yule ni kikande wa ile aina kubwa, anafika mpaka sentimita 75, meno yake ni ya kuvunjia matumbawe na kutafunia vile vidubwasha vya miiba mieusi ambavyo wewe ukivikanyaga pwani unaita mama. Na alikuwa na mayai. Nilisikia kitu kimekamata pezi langu la mguuni kinatingisha kama mbwa na kandambili. Kugeuka hivi, uso kwa uso. Nikapiga kelele ndani ya regyuleta, kile kidude cha mdomoni cha kupumulia, zikatoka kama mbuzi kwenye pipa, nikakimbilia juu, naye juu. Nikaendelea juu, naye yumo, maana mipaka ya shamba lake haiko chini tu, inapanda kwenda juu na inazidi kutanuka kama faneli, kwahiyo ukipanda bado uko kwake tu. Mwalimu akanidaka mguu (wa pili kunidaka mguu asubuhi hiyo) akanivuta pembeni, ubavu ubavu kama kaa, mpaka yule mama akaridhika akarudi kwa wanawe. Hewa nilikuwa nimeivuta kama nanunuliwa. Zile dakika tatu za usalama, za kusimama mita 5 kabla ya kutoka, nilikuwa nimemkumbatia mwalimu, sijali nani anaona.

Kwenye boti nahodha akaliangalia pezi lina alama ya meno, akaniuliza, "Mwanangu, we hukuoneshwa bastola?" Nikasema nilioneshwa mzee. Akacheka mpaka akaachia usukani.

Picha 146 zote za bluu. Moja tu safi, sijui hata niliibonyeza saa ngapi, ni mdomo wa kikande umejaa fremu nzima na kila jino linahesabika. Mama watoto kaiangalia akasema anamfanania shangazi yangu wa Tanga, na kweli.

Jumamosi iliyofuata nina harusi Tabata, narudi nyuma ukoo wa bwana harusi uingie, katoto kakanishika mguu kwa nyuma. Nilikimbia ubavu ubavu, meza tatu, nikasimama kwenye kreti za soda.