Kumwacha akimbie nako ni kazi

Mwandishi wa makala niliyosoma anasema askari polisi sasa watafunzwa kuamua wakati wa kumkimbiza mshukiwa kwa miguu na wakati wa kumwacha. Sawa, lakini mazoezi yafanyike wakiwa wamechoka. Darasani kila mtu ana busara. Ukishakimbia mita 200 na mkanda wa vifaa kiunoni, moyo unadunda, macho yanaona mgongo wa mtu mmoja tu, mkono hautulii. Hapo ndipo anapokata kona, nawe unamfuata bila kujua kama amesimama anakusubiri. Redioni unahema tu, hata jina la mtaa hulitaji. Mwenzako kakupoteza zamani. Na bastola mkononi huku unaruka ukuta? Hiyo ni ajali inayotafuta mtu.

Polisi wa Chicago, Marekani, walibadili kanuni mwaka 2022, baada ya mvulana wa miaka 13 kuuawa na askari aliyekuwa akimkimbiza mwaka uliotangulia: mtu kukimbia tu si sababu ya kutosha kumfukuza. Wapo watakaosema wahalifu watacheka. Wacheke. Zingireni eneo, iteni wenzenu, na kama mnamjua mkamateni kesho. Ninachouliza mimi: askari akiacha kukimbiza, mkuu wake atamwelewa au atamwita mwoga?