Rubani Akisema Tusubiri

Asubuhi ziwa likichafuka, mvuvi wa mwalo wa Kirumba huufunga mtumbwi wake akarudi nyumbani, wala hakuna anayemwita mwoga. Rubani wa ndege ndogo ya kukodi hapewi heshima hiyo. Katika uwanja wa ndege wa Mwanza niliwahi kuwasikia abiria wenzangu wakimbana rubani kijana aliyetaka wingu zito la upande wa ziwa lipite kwanza: mmoja alimkumbusha kwamba ameshalipwa, mwingine akadai kwamba wingu lenyewe liko mbali. Alisubiri hata hivyo, nami namshukuru hadi leo.

Wengi wetu hatujui kinachompata rubani aliyezoea kuruka kwa kutazama nje anapomezwa na wingu. Ndege ikianza kupinda taratibu, sikio la ndani, ambalo ndilo linalotupa mizani, huacha kuhisi mpindo huo, naye huamini kwamba anakwenda sawa. Pua ya ndege inaposhuka huvuta usukani ili apande, na kwa kuvuta huko huzidi kuukaza mzunguko unaompeleka chini. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kufuata vyombo, yaani kwa kusoma vipimo vilivyo mbele ya rubani badala ya kutazama nje, wakawazibia mandhari ya nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege, baada ya wastani wa sekunde 178. Hazitimii hata dakika tatu.

Wala si lazima pawe na wingu. Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Jr., mwana wa rais wa zamani wa Marekani, alianguka baharini na ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, pamoja na mkewe na shemeji yake, usiku wenye utusitusi, akiwa hana cheti cha kuruka kwa vyombo. Aliyewahi kulitazama Ziwa Victoria usiku usio na mwezi, maji na mbingu vikiwa giza moja, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ziwa letu lina tabia yake pia. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, pepo za kutoka pwani zote hukutana katikati ya ziwa na kupanda juu, zikazaa mawingu ya radi ambayo mara nyingi hayajaisha kunapopambazuka. Ndege ya abiria iliyoanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ambapo watu 19 kati ya 43 walifariki, ilikuwa katika hali mbaya ya hewa ya asubuhi, na hiyo ilikuwa ndege kubwa yenye marubani wawili.

Uamuzi wa kuruka ni wa rubani, na simwondolei dhamana hiyo. Hata hivyo, sisi tunaolipa ndio tunaoufanya uamuzi huo uwe mgumu, na ningependa kila mkataba wa kukodi ndege utamke wazi kwamba kuahirisha safari kwa sababu ya hali ya hewa hakutamgharimu rubani chochote. Mwezi ujao nakwenda kisiwani Rubondo, ndani ya ziwa hilohilo, kwa ndege ndogo ya kukodi. Wenyeji wangu nimewaambia wanitarajie Alhamisi, au Ijumaa.