Ukuta wa pambo uchaguliwe kwa nuru ya nyumba

Wiki iliyopita nilikwenda Kisauni, hapa Mombasa, kuitazama nyumba aliyohamia mpwa wangu, na jambo la kwanza aliloniuliza, hata kabla sijavua viatu, lilikuwa: "Mjomba, mbona sebule yangu imekuwa na kiza hivi?" Ilikuwa saa sita za mchana, jua limewaka nje, na ndani taa ilikuwa imewashwa. Ukuta wa nyuma ya televisheni, ambao alipoiona nyumba mara ya kwanza ulikuwa krimu, sasa ulikuwa umefanywa ukuta wa pambo, yaani ule mmoja unaopakwa rangi tofauti na nyingine, na umepakwa kijivu cha makaa kutoka sakafuni hadi darini. Fundi alimwonyesha picha kwenye simu, akamwambia kwamba hiyo ndiyo rangi ya kisasa na kwamba watu wote wanapaka hiyo. Mpwa wangu simlaumu. Kinachoniudhi ni kwamba ukuta huo huo nimeukuta Bamburi, nimeukuta Tudor, nimeukuta Likoni, na katika nyumba zote hizo sikusikia hata mtu mmoja akisema kwamba kabla ya kununua rangi aliuliza dirisha linaelekea wapi.

Swali la dirisha ndilo la kwanza, na ndilo ninalotaka kulishikilia. Rangi huonekana kwa nuru inayoiangukia, na nuru ya Mombasa ina tabia zake. Mji wetu uko karibu nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua halikai upande mmoja mwaka mzima: miezi ya kusi, ile ya katikati ya mwaka, huelemea kaskazini, na Desemba na Januari, wakati kaskazi inavuma, huelemea kusini. Chumba chenye dirisha la kaskazini kinachopata jua mwezi wa Juni hubakiwa na mwanga wa anga tu ifikapo Desemba. Ukuta unaotazamana na dirisha la magharibi hukaa kimya asubuhi yote, kisha alasiri hupigwa na jua moja kwa moja hadi rangi nyekundu ikageuka kuwa kali isiyotazamika. Picha ya kwenye simu haijui lolote kati ya hayo. Mara nyingi ilipigwa katika nyumba ya nchi za baridi, yenye vioo vya ukuta mzima, ambako watu hutafuta rangi nzito ili chumba kionekane chenye joto. Sisi joto tunalo, tena la kutosha, na madirisha yetu yana vyuma, mapazia, na mara nyingi ukuta wa jirani ulio karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono.

Huyo jirani naye ana sehemu yake. Katika maghorofa yaliyobanana, nuru inayoingia ndani imekwisha kugonga ukuta wa nyumba ya pili, na huingia ikiwa imebeba rangi ya ukuta huo. Jirani akiwa amepaka kijani, sebule yako itapata mwanga wenye ukijani, na kijivu ulichokipenda dukani kitaonekana kama maji ya mtaro. Usiku nako kuna taa: zile nyeupe zilizojaa majumbani siku hizi huifisha rangi ya udongo mwekundu, na zile za manjano huivuta samawati hadi ikakaribia kijani. Hata nyeupe tupu haisalimiki, kwani katika chumba kisichopata nuru huonekana chafu, na ndiyo maana chumba cha namna hiyo hupendeza zaidi kwa rangi ya wastani yenye joto, kama manjano iliyokolea ya embe lililoiva au hudhurungi nyepesi, kuliko kwa nyeupe au kwa makaa.

Akina mama wanaonunua leso Biashara Street hawafanyi makosa haya. Doti hufunguliwa, ikatolewa hadi mlangoni, ikatazamwa juani kabla ya bei kutajwa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba taa ya dukani haiaminiki. Ukuta utakaoishi nao miaka mitano unastahili angalau uangalifu huo. Kinunuliwe kikopo kidogo kuliko vyote cha rangi unayoifikiria, kipande cha ubao kipakwe mikono miwili, yaani mara mbili, na kuachwa kikauke kabisa, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi na hukolea inapokauka. Kisha ubao usimamishwe kwenye ukuta wenyewe, utazamwe alfajiri, adhuhuri, alasiri na baada ya isha taa zikiwa zimewashwa, halafu uhamishwe kwenye ukuta mwingine na kutazamwa tena. Kile kikaratasi cha dukani chenye ukubwa wa kidole gumba hakiwezi kukuonyesha haya, kwa sababu rangi ikienea ukuta mzima huonekana kali zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye karatasi.

Halafu kuna suala la ukuta upi. Desturi ya kuupamba ukuta wa televisheni imeshika kiasi kwamba mafundi hawaulizi tena, na mimi naipinga. Waswahili walijua kupamba ukuta mmoja zamani sana, kabla ya kopo la rangi kufika pwani hii. Katika nyumba kubwa za mawe za Lamu na Pate, ukuta wa zidaka, wenye vishubaka vilivyochongwa kwa plasta ya chokaa na kupangwa vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina, uliwekwa ndani kabisa ya nyumba, katika sehemu ya familia. Pambo hilo lilielekezwa kwa watu wa nyumba, na weupe wake ulikusanya nuru hafifu iliyofika huko ndani na kuirudisha chumbani. Huo ndio ufundi ninaotamani turithi, na tunaweza kuurithi bila kuchonga chochote. Tuupambe ukuta tunaouona tukikaa kula, au ule wanaoamka nao watoto, uwe ule unaotazamana na dirisha au ulio ubavuni mwake. Ukuta wenye dirisha lenyewe usipakwe rangi nzito, kwa sababu jicho linalokutana na mwanga wa nje huuona mweusi hata ukiwa umepakwa rangi ya kupendeza.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba rangi nzito ina mahali pake. Nyuma ya televisheni huficha nyaya na kupunguza mng'ao, na katika chumba cha kulala chenye madirisha mawili mapana nimeona buluu ya usiku iliyopendeza kweli. Lakini mwenye chumba hicho alikuwa na nuru ya kutosha, akachagua kuipunguza kidogo. Mpwa wangu alikuwa na nuru kidogo, akanyang'anywa yote.

Kijivu cha makaa kina kosa jingine ambalo wakaazi wa pwani hatuna sababu ya kulisahau, nalo ni chumvi. Nilipoinama karibu na soketi, chini kabisa ya ukuta ule mpya, niliona rangi imefura malengelenge madogo, na nilipoligusa moja kwa ukucha likapasuka na kumwaga unga mweupe juu ya ile rangi nyeusi. Chumvi hiyo hupanda na unyevu kutoka msingini, au hutoka kwenye mchanga wa bahari uliotumiwa kujengea, na maji yanapokauka hubaki nje ikiisukuma rangi. Kwenye krimu isingeonekana kwa urahisi, lakini kwenye makaa inaonekana kutoka mlangoni. Fundi mwaminifu huanza kwa kutafuta unyevu unatokea wapi, hukwangua hadi kwenye plasta, hupangusa chumvi kwa brashi kavu kwa sababu kuiosha kwa maji ni kuirudisha ndani, huacha ukuta ukauke, ndipo apake rangi ya msingi inayohimili chumvi na chokaa. Kuuficha unyevu kwa rangi ya mafuta ni kumdhulumu mwenye nyumba, maana itabambuka tu. Plasta mpya nayo isubiriwe takriban siku 28, na kazi yote ikiwezekana isifanywe katika masika.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi kwamba ukuta wa mita 4 kwa 3 ukipakwa mikono miwili hauwezi kumaliza kopo la lita 4, kwa hiyo anayeagizwa makopo mawili ana haki ya kuuliza sababu.

Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, watu walibishana sana kuhusu nani mwenye haki ya kuchagua rangi ya jengo. Nje ya nyumba hutazamwa na mji mzima, na hapo naelewa kwamba mji una neno lake. Ndani ni pa anayeishi mle. Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba za kupangisha, ambao hati zao zinamlazimisha mpangaji kubaki na krimu hadi siku ya kuhama, wamruhusu apake ukuta mmoja kwa gharama yake, kwa sharti la kuandikiana kwamba ataurudisha ulivyokuwa akitoka. Nao mafundi wa rangi, ambao wengi wao wana mikono mizuri kuliko maneno yao, wanapokuja kupima ukuta waje na ubao uliopakwa, wausimamishe pale, na wamwachie mwenye nyumba alale nao kabla ya kununua kopo lolote.