Neno "Bora" na Swali Lisiloulizwa

Kwa miaka mingi, mtu aliyeandika kichwa cha swali katika Stack Overflow, tovuti ambako waandishi wa programu za kompyuta huulizana na kujibizana maswali, akatia neno la Kiingereza lenye maana ya "bora" ameweza kuonywa na mfumo papo hapo kwamba swali lake linaonekana kuwa la maoni na huenda likafungwa, yaani lisipokee majibu mapya. Wapo wanaoliona onyo hilo kuwa dharau kwa wanaoanza, na wapo wanaoamini kuwa bila hilo tovuti iliyoanzishwa na Jeff Atwood na Joel Spolsky mwaka 2008 ingekwisha kugeuka kijiwe cha mabishano.

Hoja ya hao wa pili ina uzito. Swali kuhusu lugha mbili za kuandikia programu, "Python na Java, ipi bora?", huleta majibu mengi yasiyo na kipimo, na mwenye kazi mkononi huchoka kuyapekua. Tena mfumo hauzuii, unaonya tu. Wanaofunga swali ni watu, wasimamizi au watumiaji wenye alama 3,000 na zaidi walizopata kwa michango yao, ambao kura zao tatu (zilikuwa tano hadi mwaka 2019) zinatosha.

Hata hivyo, chukua swali hili: "Ni njia ipi bora ya kuhifadhi kiasi cha fedha katika hifadhidata?" Kwa sura yake ni la maoni, lakini lina jibu linalopimika. Namba za desimali ambazo kompyuta huzihifadhi kwa kukadiria hujumlisha 0.1 na 0.2 zikatoa 0.30000000000000004, na makosa madogo ya namna hiyo yakilimbikizana, hesabu za duka hazilingani. Kwa hiyo fedha huhifadhiwa kwa namba nzima, kwa mfano senti, au kwa aina ya desimali isiyokadiria. Hapa "bora" lilimaanisha "sahihi". Ndivyo tunavyouliza kwetu pia: anayesema "njia nzuri ni ipi?" mara nyingi anaomba kuelekezwa, kwa adabu ya mtu anayejua kwamba hajui, na akiipeleka kauli yake kwenye Kiingereza, neno lile lile linaloonywa ndilo linalomjia kwanza.

Mwaka 2010 wenye mtandao huo wenyewe walieleza kwamba maswali ya maoni hayafanani: mengine huvuta majibu marefu yenye sababu, uzoefu na ushahidi, mengine huvuta porojo. Tofauti hiyo ni ya haki, lakini hukaa katika maelezo ya swali, ilhali onyo hutoka kichwa kikiwa ndiyo kwanza kinaandikwa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni aliyerudi nyuma. Swali lililofungwa lina kumbukumbu: waliolipigia kura wanajulikana, mwenyewe anaweza kulirekebisha, na wengine wanaweza kupiga kura lifunguliwe. Lakini mwanafunzi aliyesoma onyo, akafuta maneno yake na kuondoka, hana pa kukata rufaa, maana hakuna hukumu iliyotolewa. Anayedai kwamba onyo limepunguza maswali mabaya anayahesabu yaliyofika tu. Lile la fedha, kama halikufika, halimo katika hesabu yake. Mfumo ungeweza kusubiri maelezo yakamilike, kisha ukamuuliza mwandishi: bora kwa kigezo kipi, kasi, usalama au usahihi? Mwenye swali la fedha angejibu "usahihi", akaendelea kuandika.