Wiketi 176 za Muralitharan

Jina la Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka likitajwa tu katika mjadala wa warushaji bora wa kriketi ya Testi, zile mechi ndefu za kimataifa za siku kadhaa, hakosi mtu wa kuanza kutoa. Toa wiketi 87 (yaani wapigaji aliowaondoa uwanjani) alizochukua dhidi ya Zimbabwe, toa 89 za Bangladesh, kisha utazame zile 800 zimebaki ngapi. Ubishi huonekana umeisha hapo, na Shane Warne wa Australia, mwenye 708, anarudishwa kileleni.

Haya, tutoe, ila tutoe mpaka mwisho. Zinabaki wiketi 624 katika mechi 108, karibu 5.8 kwa kila mechi, na kila wiketi imemgharimu mbio 24.9 hivi, yaani alama walizopata wapigaji; kwa mrushaji, zikiwa chache ndiyo bora. Sasa tumtolee na Warne timu hizo hizo mbili. Anabaki na 691 katika mechi 142, chini kidogo ya 4.9 kwa mechi, kwa wastani wa mbio 25.4. Msrilanka kanyang'anywa zaidi ya moja ya tano ya wiketi zake na bado hajapitwa. Wengi wanaoshika kalamu hawafiki hapa. Wakishaiona 624 wanaifunga hesabu.

Na huko kutoa kwenyewe kuna walakini. Zimbabwe inayotolewa kana kwamba ilikuwa timu ya mazoezi ilikuwa na mpigaji Andy Flower, aliyestaafu na wastani wa juu wa kupiga, mbio 51.54, mmoja wa watu waliocheza mpira wa kuzunguka vizuri kuliko wote wa kizazi chake. Timu hiyo ilikwenda Pakistani mwaka 1998 ikashinda mfululizo wa Testi. Ilivunjika mwaka 2004, wachezaji wazoefu walipogombana na chama chao, na sehemu kubwa ya mechi 14 alizocheza Muralitharan dhidi yake ilikuwa imeshapita. Kumtoa Flower kwenye rekodi ya mtu kwa sababu ya yaliyoipata Zimbabwe baadaye si haki.

Kuna timu nyingine isiyotajwa kamwe katika hesabu hizi, nayo ni Australia. Ndiyo iliyokuwa na wapigaji wakali kuliko wote kwa miaka mingi ya enzi hiyo, na Warne hakuwahi kuwarushia mpira katika Testi kwa kuwa walikuwa wenzake. Muralitharan aliwarushia, akapata wiketi 59 kwa mbio 36 kila moja. Ni bei ghali, na imo ndani ya wastani wake. Warne, kwa upande wake, alichukua 195 kwa Waingereza, ambao tangu 1989 hawakushinda Ashes, mfululizo wa Testi kati yao na Australia, hata mara moja mpaka 2005. Sijasikia mtu akizitoa hizo, wala hazistahili kutolewa, alizitolea jasho.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Katika zile 800, wiketi 493 zilipatikana nyumbani Sri Lanka, kwenye viwanja vinavyomsaidia mzungushaji. Ndani ya Australia alicheza mechi tano akaambulia wiketi 12, kila moja kwa zaidi ya mbio 75. Mrushaji anayetafutiwa nafasi ya kwanza duniani hawezi kuwa na doa kama hilo bila kuulizwa, nami naona ndilo doa kubwa kuliko yote aliyonayo. Ndani ya India pia aliteseka, zaidi ya mbio 45 kwa wiketi. Huko walau hakuwa peke yake: Warne alilipa mbio 43.

Hoja nyingine, ambayo hata watetezi wa Muralitharan tunapaswa kuikubali, inahusu wingi wa wiketi kwa mechi. Mtazame Joel Garner wa West Indies. Alicheza mechi 58, akachukua wiketi 259 kwa wastani wa mbio 20.97, lakini wiketi tano katika zamu moja ya timu kupiga alizipata mara saba tu. Warushaji wenzake, akina Marshall na Holding, walikuwa wakila sahani moja naye. Muralitharan alizipata mara 67, na sehemu ya idadi hiyo inatokana na kula peke yake: ukimwacha Chaminda Vaas, hakukuwa na mrushaji wa kumgombania kwa miaka mingi. Warne aligawana na mwenzake Glenn McGrath. Kwa hiyo ile 5.8 dhidi ya 4.9 siitumii kumweka mmoja juu ya mwingine. Wastani wa mbio kwa wiketi ndio ninaouamini zaidi, tena kwa kuulinganisha na wa enzi ile ile, maana George Lohmann wa karne ya 19 ana 10.75 na hakuna anayemtaja wa kwanza.

Lakini upweke huo una upande wake mchungu. Wapigaji walijua kwamba wakimzuia mtu mmoja, siku imepita. Mwaka 1998 uwanjani The Oval, nahodha Arjuna Ranatunga aliwaachia Waingereza wapige kwanza, kusudi Muralitharan apate pumziko kati ya zamu zao mbili. Mpango wa timu nzima ulikaa kwenye bega la mtu mmoja. Alichukua saba, kisha tisa kwa mbio 65, na wa kumi katika zamu ile ya pili, Alec Stewart, alitolewa akikimbia, jambo lisilohesabiwa kuwa wiketi ya mrushaji. Sri Lanka ilishinda kwa wiketi kumi. Katika mechi zake zote 133, timu yake ilishinda 54. Ya Warne ilishinda 92 kati ya 145.

Kuhusu kiwiko chake, ambacho alishutumiwa kwamba anakinyoosha anaporusha kinyume cha sheria, kilipimwa mara nyingi, na tangu 2005 kikomo cha kukinyoosha, nyuzi 15, kinawahusu wote.

Julai 2010 alitangaza kwamba mechi ya Galle dhidi ya India ndiyo ya mwisho kwake, huku akiwa amepungukiwa wiketi nane kufikia 800. India ndiyo iliyokuwa ikiongoza orodha ya timu za Testi duniani. Ya nane ilipatikana mtu wa mwisho wa India akiwa uwanjani: Pragyan Ojha aligusa mpira kidogo, Mahela Jayawardene akaudaka.